Glock 19, SIG P365, CZ P-01 au Makarov: ipi ya kubeba kila siku hapa Uganda?

Ukishapata kibali cha polisi, ushauri huanza kumiminika. Rafiki atakuambia Glock tu, mzee aliyewahi kuwa jeshini ataapa kwa Makarov, na muuzaji atakusukumia ile iliyokaa sana kabatini mwake. Ulinganisho huu ni wa mtu aliyekwama hapo: mfanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, anayefunga duka jioni akiwa na mauzo ya siku, mwenye duka la kubadilisha fedha Busia au Arua, wakili wa kesi za ardhi, mfugaji wa Kiruhura anayelala shambani wikendi. Bastola nne ninazozipima zinafichika chini ya nguo, zimetumika miaka ya kutosha kujulikana tabia zake, na hakuna hata moja inayomfaa kila mtu.

Nitangulize msimamo wangu. Wengi huuliza kwanza inabeba risasi ngapi. Mimi humuuliza mtu kwanza ataivua mara ngapi kwa siku. Tangu mabomu ya tarehe 11 Julai 2010 pale Kyadondo na Kabalagala, Kampala imekuwa mji wa kupekuliwa. Benki, maduka makubwa, hoteli, ofisi za serikali, hata baadhi ya makanisa yana askari getini mwenye kifaa cha kugundua chuma. Mbebaji wa kawaida huishika silaha yake mara nyingi zaidi mbele ya askari wa geti kuliko mbele ya mwizi, na kila anapoishika ipo nafasi ya risasi kutoka pasipotakiwa. Kwa hiyo ulinganisho wangu unaegemea huko, na asiyekubaliana nami anaweza kupanga vigezo vyake upya.

## Kwanza makaratasi

Sheria yetu ya silaha ni ya mwaka 1970. Mwenye mamlaka ya kutoa cheti ni Inspekta Jenerali wa Polisi, na mwombaji anatakiwa awe ametimiza miaka 25. Safari huanza chini, kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1) anayekufahamu, ikapanda kupitia polisi wa eneo na watu wa usalama wa wilaya hadi kwa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya. Kuna uchunguzi wa afya na akili, kuna mafunzo, na cheti huhuishwa kila mwaka. Cheti ni chako na cha bastola ile yenye namba ile. Humwazimi shemeji, humwachii meneja wa duka.

Juni 2018, baada ya kuuawa kwa mbunge Ibrahim Abiriga, Rais Museveni aliagiza bunduki zote nchini zichukuliwe kile watu walichokiita alama za vidole. Maana yake ni kwamba silaha hufyatuliwa kwa majaribio, na mikwaruzo inayoacha kwenye risasi na ganda huhifadhiwa. Kwa mnunuzi, hili lina matokeo ya moja kwa moja: ukibadilisha mtutu au pini ya kupigia, mikwaruzo hubadilika. Matengenezo makubwa yafanyike kwa fundi mwenye leseni na polisi wajue. Bastola ya bei nafuu isiyo na historia, hata ikiwa nzuri namna gani, iache hapo hapo ulipoonyeshwa.

Na kuhusu kuitumia: Sheria ya Kanuni za Adhabu inasema matumizi ya nguvu katika kujilinda hupimwa kwa misingi ya sheria ya mazoea ya Kiingereza. Mahakama itauliza kama hatari ilikuwepo kweli na kama nguvu uliyotumia ililingana nayo. Kibaka aliyeponyoka na simu yako akikimbilia Kisenyi hakupi ruhusa ya kumpiga risasi mgongoni.

## Ninavyozipima

Nimeziweka zote kwenye vipimo vilevile.

Cha kwanza ni kukaa mwilini. Watu hutazama urefu wa bastola, lakini kinachoonekana chini ya shati ni unene na mpini. Mtutu huingia ndani ya suruali ukapotea. Mpini ndio unaochomoza unapoinama kufunga kiatu. Kisha kuna mambo yetu ya hapa. Ukiwa nyuma ya boda boda, upepo hupandisha shati hadi mgongoni. Ndani ya taxi ya abiria kumi na wanne, kiuno chako kimebanana na kiwiko cha jirani. Siku ya kwanjula, sherehe ya kujitambulisha ukweni, utavaa kanzu na koti, na kanzu haina mkanda.

Cha pili ni getini na nyumbani: jinsi inavyovuliwa, inavyoondolewa risasi, inavyofunguliwa kusafishwa. Hiki nimekipa uzito mkubwa.

Cha tatu ni mkononi: teke lake, yaani inavyosukuma nyuma ikifyatuka, uzito wa triga, na ugumu wa kuvuta slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma.

Cha nne ni risasi na vipuri. Glock, SIG na CZ zote hutumia mm 9 ya kawaida, yaani 9x19, risasi iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1902 na ambayo leo ndiyo ya bastola nyingi duniani. Makarov hutumia 9x18, na hizi mbili hazichanganyiki. Jina "milimita tisa" limewaponza watu, kwa sababu risasi yenyewe ya Makarov ni nene kidogo na ganda lake ni fupi. Ukinunua boksi, soma namba zote mbili.

Cha mwisho, inamfaa nani.

## Glock 19

Ilitoka mwaka 1988, ikiwa ndugu mdogo wa Glock 17 iliyochukuliwa na jeshi la Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fremu ni ya plastiki ngumu, urefu ni mm 185, na magazini hubeba risasi 15. Ikiwa na magazini tupu ina uzito wa gramu 670 hivi; ukiijaza inakaribia gramu 855.

Mwilini: ni nene, karibu mm 34 kwa toleo la tano, na mpini wake si mfupi. Mtu mwenye kitambi au anayevaa koti la suti huificha bila taabu. Mwembamba anayevaa fulana ya kubana atahangaika nayo, na joto la mchana Kampala halimruhusu kuvaa jaketi kila siku.

Getini: hapa Glock inadai nidhamu. Haina sefti, yaani kizuizi cha kufyatuka, ya kusogeza kwa kidole gumba. Sefti zake ziko ndani, pamoja na kile kilimi kidogo katikati ya triga. Iliyo na risasi kwenye chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, itafyatuka kitu chochote kikiisukuma triga, kiwe kidole, kamba ya jaketi au ncha ya shati iliyoingia pamoja nayo kwenye mfuko wake wa kubebea (holster). Tena ili uifungue kuisafisha ni lazima uvute triga kwanza. Ajali nyingi za nyumbani na Glock huzaliwa hapo: mtu katoa magazini, kasahau iliyo kwenye chemba, kavuta triga ili afungue slaidi. Kutoa magazini hakuizuii bastola hii kufyatua.

Ukizoea utaratibu, hata hivyo, ni rahisi kuliko zote. Magazini nje. Slaidi nyuma, risasi inaruka. Ishikilie slaidi hapo nyuma, chungulia chemba, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uhakikishe ni tupu, kwa maana jioni macho hudanganya. Hakuna swichi ya kukumbuka iko juu au chini.

Mkononi ni tulivu kwa ukubwa wake. Triga ina uzito uleule kila risasi, jambo linalomsaidia mwanafunzi. Slaidi huvutika vizuri, hata kwa mikono iliyolowa jasho.

Vipuri na magazini zake ndivyo rahisi kupata kuliko vya nyingine tatu, na magazini ndefu ya Glock 17 huingia ndani yake. Slaidi imetiwa dawa ya kuzuia kutu, kwa hiyo jasho haliiharibu upesi.

Inamfaa mtu anayeendesha gari lake, anayevaa koti au shati pana, na aliye tayari kurudi uwanja wa kulenga shabaha kufanya mazoezi. Haimfai anayetaka kuitia kwenye mfuko wa suruali hivi hivi au kwenye mkoba bila kifuniko cha triga. Huyo asinunue Glock, nasema bila kumung'unya maneno.

(Anayeipenda Glock lakini unene unamshinda, ipo 43X ya mwaka 2019: ina mm 28 tu, risasi 10, tabia zilezile. Mpini wake ni mrefu kama wa 19, hivyo faida iko kwenye unene zaidi ya urefu.)

## SIG P365

Hii ilipotoka mwaka 2018 iligeuza soko, kwa sababu iliingiza risasi 10 ndani ya mwili uliozoeleka kubeba sita au saba. Ina urefu wa mm 147 na unene wa mm 27 hivi, na uzito ukiwa na magazini tupu ni gramu 505. Zipo magazini za risasi 12 na 15 kwa anayetaka, ila mpini nao unarefuka.

Mwilini haina mpinzani kati ya hizi nne. Shati la kawaida la mikono mifupi linatosha. Mtu aliyekaa nyuma ya boda anaweza kuiweka mbele kidogo ya nyonga, upepo usiifichue. Wanawake wengi wanaobeba huishia kwenye ukubwa huu, kwa kuwa nguo zao hazina mkanda mgumu wa kubeba gramu 800. Gomesi, lile gauni refu la kitamaduni, kwa mfano, ina mshipi wa kitambaa. Hapo unahitaji mkanda maalumu wa ndani, na bastola iwe nyepesi. Kuibeba kwenye mkoba wa begani mjini ni kumkabidhi mporaji wa boda mkoba, pesa na silaha kwa pamoja.

Getini: zipo za aina mbili, yenye sefti ya kidole gumba na isiyo nayo. Kwa mazingira yetu ya kuvua na kuvaa, mimi naipendelea yenye sefti, ingawa najua wako walimu wazuri wanaosema swichi ya ziada ni kitu cha ziada cha kusahau. Kuifungua hakuhitaji kuvuta triga. Unafunga slaidi nyuma, unageuza kitasa, slaidi inatoka. Hilo peke yake ni sababu ya kutosha kwa mwenye watoto nyumbani kuifikiria.

Mkononi ndipo unapolipia wembamba wake. Bastola nyepesi hupiga teke kali, na kidole kidogo cha mtu mwenye mkono mkubwa hubaki hewani. Anayeanza huchoka baada ya magazini chache, halafu anaacha kufanya mazoezi. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Vilengeo vyake vya kiwandani, kwenye matoleo mengi, hung'aa gizani, na umeme wetu ukikatika utavipenda.

Kuhusu vipuri: risasi ni zilezile za kawaida, lakini magazini na springi zake si za kukuta kila mahali, kwa hiyo nunua magazini tatu siku hiyohiyo. Na kama unanunua iliyotumika, uliza ilitengenezwa lini. Zile za miezi ya mwanzo, 2018, zilikuwa na malalamiko ya pini ya kupigia kuvunjika; kiwanda kilirekebisha baadaye.

Inamfaa mwembamba, mwenye nguo nyepesi, mwanamke wa mjini, na yeyote anayejua moyoni mwake kwamba bastola nzito ataiacha nyumbani. Mwenye mikono mipana kama ya mkulima wa matoke atafute kubwa zaidi.

## CZ P-01

Wacheki waliitengeneza kutokana na ukoo wa CZ 75, na polisi wao wakaanza kuichukua mwanzoni mwa miaka ya 2000. Fremu ni ya aloi ya alumini, magazini hubeba risasi 14, na uzito unakaribia gramu 800 ikiwa tupu. Ina nyundo ya nje, kile kipande cha nyuma kinachogonga pini, unayoiona na kuigusa.

Mwilini ni kama Glock 19 kwa vipimo, ila nzito zaidi. Usiku unapovua mkanda utajua ulikuwa umebeba kitu. Inataka mkanda mgumu wa ngozi. Huu wa kawaida wa mtaani utapinda na bastola itainamia nje.

Getini ndipo ninapoipenda. Nyundo ya nje inakupa habari kabla hujafanya lolote: unaiona iko juu au chini. Unapoirudisha mfukoni unaweka kidole gumba juu ya nyundo, na triga ikinasa mahali utahisi nyundo ikianza kuinuka, unaacha. Glock haikupi nafasi hiyo, wala P365. Kuna swichi ya kushusha nyundo bila kugusa triga. Kuwa mwangalifu hapa dukani, kwa maana CZ 75 Compact, inayofanana nayo kwa sura, ina sefti ya kawaida badala ya swichi hiyo. Ukitaka kushusha nyundo yake ikiwa na risasi kwenye chemba, itabidi uishikilie kwa kidole gumba huku ukivuta triga. Kidole kikiteleza, imetoka. Kwa mtu wa kuvua na kuvaa kila siku, chukua P-01, au uibebe Compact ikiwa imekokiwa (nyundo imevutwa nyuma) na sefti imefungwa, kama ulivyofundishwa.

Kuifungua hakutaki kuvuta triga. Unalinganisha alama mbili, ya slaidi na ya fremu, kisha unasukuma pini ya upande. Mara ya kwanza pini hiyo ni ngumu. Wengine huigonga kwa kitako cha magazini.

Mkononi, risasi ya kwanza ina triga ndefu na nzito, zinazofuata ni fupi na nyepesi. Tofauti hiyo huwasumbua wanaoanza: ya kwanza hushuka chini ya shabaha, ya pili hutoka kabla hawajajiandaa. Mazoezi huitibu. Teke ni laini kuliko la zote nne, kwa sababu ya uzito na kwa sababu slaidi imekaa chini karibu na mkono. Lakini slaidi hiyo hupita ndani ya reli za fremu, kwa hiyo sehemu ya kushika ni ndogo. Mwenye vidole dhaifu au arithritisi aijaribu kabla ya kulipa.

Risasi si tatizo. Vipuri huagizwa, na utasubiri.

Inamfaa mtu mwenye hofu ya haki ya bastola isiyo na sefti ya nje, mwenye gari, mwenye mwili wa kubeba uzito, na anayefanya mazoezi ya kutosha kuizoea ile triga ya kwanza.

## Makarov

Jeshi la Kisovieti liliipokea mwaka 1951, na tangu hapo imesambaa katika majeshi mengi ya Afrika yaliyopata silaha upande huo. Kwa hiyo mtu aliyepitia jeshini anaweza kuwa ameishika hii kabla ya nyingine yoyote. Ina risasi 8, urefu wa mm 161, uzito wa gramu 730, chuma kitupu.

Mwilini inakaa vizuri kuliko watu wanavyodhani. Ni fupi, bapa, imeviringwa kona zake. Uzito upo, lakini umekusanyika. Adui yake ni jasho. Rangi yake nyeusi ya zamani haizuii kutu kama slaidi za kisasa, na mtu anayeibeba kwenye ngozi huku akishinda juani ataona madoa ya kahawia mapema. Kitambaa chenye mafuta kidogo kila jioni kinatosha. Mafuta mengi nayo hukusanya vumbi letu jekundu la marramu na kugeuka uji ndani ya slaidi.

Getini inataka ujuzi wake maalumu. Sefti iko kwenye slaidi: juu ni salama, chini ni kufyatua. Kuipandisha hushusha na nyundo pia, bila kugusa triga, na hilo ni jema. Shida ni kwamba sefti ikiwa imefungwa, slaidi nayo imefungwa. Ili utoe risasi kwenye chemba ni lazima uifungue sefti kwanza. Mtu mwenye wasiwasi, askari akimtazama, hufungua sefti na kidole kikatangulia kwenye triga. Kingine, kitufe cha kutoa magazini kiko chini ya mpini, unahitaji mikono miwili. Hakuna haraka hapo.

Mkononi inalenga vizuri kwa sababu mtutu wake haujongei, lakini vilengeo vyenyewe ni vidogo sana, vya zama zile. Springi ni ngumu. Teke ni la ghafla, kali kuliko unavyotegemea kutoka kwa risasi dhaifu. Na dhaifu ni neno la haki: 9x18 hutoka na nguvu ya kama jouli 300, wakati 9x19 hutoka na 480 hivi. Kwa umbali wa chumba hiyo inatosha kuua, kwa hiyo isidharauliwe.

Kabla ya kuitaka, muulize muuzaji kama ana 9x18 leo na kama atakuwa nayo mwakani. Jibu likiwa la kusitasita, tafuta nyingine.

Inamfaa mzee aliyeitumia kazini miaka mingi na mikono yake inaijua gizani. Kwa anayeanza leo, sioni kwa nini aanzie hapa, isipokuwa bei imembana na risasi zinapatikana kwa uhakika.

## Mfuko wake

Watu hutumia mamilioni kwenye bastola kisha wananunua mfuko wa kitambaa laini unaouzwa pamoja na vitu vya simu. Mfuko laini hujikunja, na ukingo wake unaweza kuingia kwenye triga wakati unairudisha. Tafuta wa plastiki ngumu au ngozi nene, unaofunika triga yote, na muhimu kuliko vyote kwetu, unaofungika na kufunguka kwenye mkanda ukiwa na bastola ndani.

Sababu ni hii. Getini, askari atakuuliza:

"Ssebo (bwana), una silaha?"

"Ninayo, na cheti hiki hapa."

"Basi njoo huku pembeni, uiweke kabatini nikupe namba."

Mtu mwenye mfuko wa klipu hufungua mkanda kidogo, akatoa kitu kizima, triga imefunikwa, mtutu ukitazama chini, akakiweka kabatini. Dakika moja. Asiye nao huchomoa bastola bila mfuko mbele ya foleni ya watu, anaanza kuvuta slaidi kwenye sakafu ya saruji, na mama mwenye mtoto mgongoni anapiga kelele. Kama jengo linadai itolewe risasi, omba mahali penye ukuta au pipa la mchanga, na ufanye taratibu. Kama halina kabati wala utaratibu wowote, usiiache chini ya kiti cha gari. Rudi nyumbani, au siku hiyo usiibebe.

Jambo moja ambalo wauzaji hawasemi: ukiingiza risasi ileile kwenye chemba kila asubuhi na kuitoa kila jioni, kichwa chake husukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Risasi nzima ikifupika hivyo, shinikizo hupanda ukifyatua, na silaha inaweza kupasuka. Iweke kando ya mpya ya boksi lilelile. Ikionekana fupi, iondoe. Usiirudie ileile kila siku.

Nyumbani ni sefu ndogo iliyofungwa kwa skrubu ukutani au sakafuni. Juu ya kabati la nguo watoto hufika, wala huhitaji kuwafundisha njia.

## Kwa hali yako

Ukiwa unaendesha gari lako kutoka Ntinda hadi mjini na unavaa koti, Glock 19 na CZ P-01 ziko sawa, na uamuzi ni wa tabia yako. Mtu wa utaratibu asiyependa swichi atafurahi na Glock. Mtu anayetaka kuona na kugusa nyundo kabla ya kuamini atalala vizuri na P-01.

Ukiwa mtu wa boda na taxi, chukua nyembamba: P365 au Glock 43X. Kubeba bastola ndani ya taxi iliyojaa si jambo ninalolipenda hata hivyo. Kama pesa ndiyo inayokutisha, tuma kwa simu au iweke benki kabla giza halijaingia, na bastola ibaki dukani kwenye sefu.

Mwanamke mwenye duka, hasa anayevaa gauni au gomesi, aanze na P365 yenye sefti, ila aifyatue kwanza uwanjani. Teke likimshinda, CZ ikae dukani chini ya kaunta kwenye kabati la kufunga, kama cheti chake kinaruhusu mahali hapo.

Mfugaji anayeishi shambani, mbali na mageti ya mjini, hana shida ya kuvua na kuvaa. Kwake uzito wa CZ au wingi wa magazini za Glock una maana zaidi ya wembamba.

Aliyestaafu jeshini na anayo Makarov halali inayofyatua vizuri, asiibadilishe kwa sababu ya mtindo. Abadilishe springi ikichoka na ahakikishe risasi.

Anayekunywa jioni kila wiki, na hili linahusu watu wengi tunaowajua, asinunue ya kubeba. Aajiri mlinzi wa kampuni yenye leseni kwa duka, akamilishe taa na mlango wa chuma. Hapa hakuna bastola ya kumpendekezea.

Na ukiwa bado umekwama kati ya mbili, nenda kwa muuzaji ukiwa na nguo zako za siku ya kazi na mkanda wako wa kila siku. Omba zote mbili zikiwa tupu, zikaguliwe mbele yako. Vaa, keti, inama, simama, vua kama uko getini, ondoa magazini, vuta slaidi mara kumi. Fanya hivyo kwanza kwa mkono wenye nguvu, kisha kwa ule mwingine. Kabla ya mara ya kumi mikono yako itakuwa imeonyesha ipi inakusumbua, na hiyo ndiyo ya kuirudisha kabatini.